Haki ya Jirani Katika Safu: Jasho, Kikwapa na Usafi wa Mwili

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, anayesimama nasi katika safu ana haki juu yetu: tusimuudhi kwa harufu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani na vitongojini mwa Madina wakiwa na vumbi na jasho, hata harufu ikasikika. Mtume (s.a.w.) aliwanasihi wajisafishe kwa ajili ya siku hiyo. Hakuwafukuza, walikuwa watu wa kazi.

Tufahamu kwamba jasho lenyewe kwa kawaida halinuki. Tezi za makwapani huanza kazi mtu anapobaleghe. Bakteria walioko juu ya ngozi huyavunjavunja majimaji yake, na hapo ndipo kikwapa huzaliwa. Basi kujimwagia manukato juu ya jasho la jana hakuondoi sababu.

Sunna imetangulia kutuelekeza. Kuondoa nywele za makwapa ni katika mambo ya fitra, na Anas (r.a.) amepokea kuwa zisiachwe zaidi ya siku 40. Kisha tuoge kwa sabuni, tujikaushe vizuri, tuvae nguo za pamba na kuzianika juani. Kanzu iliyolowa jasho jana isivaliwe tena kabla ya kufuliwa.

Ipo pia shabu, lile jiwe jeupe la bei nafuu. Hulowanishwa likapakwa kwapani baada ya kuoga, nalo hupunguza bakteria. Kwa kuwa haina harufu, inawafaa pia dada zetu, walioagizwa wasijitie manukato wanapokuja msikitini. Isipakwe penye mchubuko wala mara tu baada ya kunyoa, kwani huwasha. Ama ndimu, tujihadhari nayo: maji yake yakibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua, ngozi huweza kuungua na kuacha mabaka.

Kitunguu saumu nacho, harufu yake hupita katika damu hadi mapafuni, hivyo mswaki pekee hauimalizi. Umar (r.a.) alielekeza kwamba anayetaka kukila akiue makali kwa kukipika.

Lililo zito zaidi ni namna tunavyonasihiana. Mchukuzi au mwashi atokaye kazini adhuhuri, akikunjiwa pua, huenda asirudi tena kwenye jamaa. Tutamjibu nini Mola wetu ikiwa sisi ndio tuliomkimbiza? Basi tumnasihi faraghani kwa maneno laini, na tuweke sabuni mahali pa kutawadhia. Na ambaye harufu yake imebadilika ghafla, au inadumu licha ya usafi, tumshauri amwone daktari, kwani huenda ni maradhi.

Tunamuomba Allah atutakase nje na ndani. Wabillahi tawfiiq.