Karatasi Moja Inayofunga Milango: Kupunguzwa Kazi na Namna ya Kurudi Kazini

Mada kwa semina ya maofisa rasilimali watu na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi

Utangulizi

Waandaaji waliomba mada kuhusu namna mfanyakazi anavyoweza kusimama tena baada ya kupunguzwa kazi na kupata ajira nyingine. Ratiba imetenga dakika arobaini, maswali yakiwa humo humo. Kwa hiyo mada itayapita haraka yale ambayo kila aliyemo ukumbini anayajua, ili ipatikane nafasi ya jambo moja ambalo mtoa mada amekuwa akilikuta mezani mwaka baada ya mwaka. Ieleweke mapema kwamba hakuna taasisi inayonyooshewa kidole. Mifano ya maofisini imeondolewa majina kwa makusudi, na anayedhani ametajwa atakuwa amejitaja mwenyewe.

Maana ya istilahi

Kupunguzwa kazi ni kuachishwa kwa sababu za uendeshaji: biashara imeshuka, mfadhili ameondoka, mashine imechukua nafasi ya watu. Mfanyakazi hana kosa. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza, atoe habari zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua wanaoondoka, muda na malipo. Kiinua mgongo kimo katika kifungu cha 42: mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, inalipa siku 15 kwa mwaka. Hilo lisubiri semina nyingine.

Imetosha kwa upande wa istilahi.

Hali ilivyo

Wenye mvi ukumbini wanakumbuka miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na maelfu wakarudishwa nyumbani. Vijana wana kumbukumbu zao. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi, na kabla mwaka haujaisha mgodi wa Bulyanhulu ulikuwa umepunguza shughuli na watu. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo Covenant, Efatha na Benki ya Wananchi Meru. Halafu ikaja Ijumaa ya Januari 24, 2025, serikali ya Marekani ilipoamuru kazi za miradi inayoigharamia ng'ambo zisimame. Kufikia Julai mosi, USAID, shirika la misaada la Marekani, lenyewe lilikuwa limefungwa.

Amri hiyo ya Januari iliwakuta makarani wa takwimu, washauri nasaha, madereva na wahasibu wa miradi ya UKIMWI na kifua kikuu wakiwa kazini. Wengi walikuwa wamezoea mikataba ya mwaka mmoja mmoja inayohuishwa kila Septemba au Oktoba, na walijua mradi una mwisho. Hawakujua kwamba mwisho unaweza kufika katikati ya wiki ya ripoti.

Tatizo lenyewe: barua ya kuacha kazi "kwa hiari"

Hapa ndipo mada inapoomba subira ya washiriki.

Mfanyakazi anaitwa ofisini. Anakaribishwa kiti, anaulizwa habari za watoto, kisha karatasi inasogezwa mezani. Haijai nusu ukurasa. Inasema kwamba yeye, jina lake likiwa limeshachapwa, anaomba kuacha kazi kwa hiari yake mwenyewe bila kushurutishwa na mtu yeyote, na kwamba hana madai yoyote kwa mwajiri. "Dada, huu ni utaratibu tu," anaambiwa. "Ukisaini leo, Ijumaa fedha ziko kwenye akaunti. Tukianza mambo ya vikao na chama, tutakaa hapa mpaka Pasaka." Kalamu ipo juu ya karatasi tayari.

Katika ofisi moja, barua za idara nzima zilikuwa na tarehe moja, saizi moja ya herufi, na zote ziliandikwa "kwa hiari yagu". Watu kumi na kitu waliamua kuacha kazi siku hiyo hiyo, na wote wakakosea neno lile lile. Barua hizo zilipofika mbele ya msuluhishi, mwakilishi wa mwajiri aliendelea kusisitiza kwamba kila mmoja alijiandikia.

Athari yake ni bora ihesabiwe kwa shilingi. Chukua karani anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 9 mfululizo. Akipunguzwa kihalali, kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku 63. Mwezi ukigawanywa kwa siku 26, hiyo ni kama shilingi milioni 2.18. Kwa mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 lipo pia fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa kila mwezi, kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Kwa karani huyu ni karibu shilingi 300,000 kwa mwezi, jumla milioni 1.8. Fao hilo halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe, na kiinua mgongo kinadaiwa pale mwajiri anapokatisha ajira. Saini moja imeondoka na karibu shilingi milioni 4, kabla hata ya kugusia notisi ya siku 28, ambayo sasa inahesabika kwamba karani ndiye aliyepaswa kuitoa.

Baada ya kiinua mgongo na fao, mlango wa tatu ni wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwa Fomu Na. 1, bila ada. Hapo mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa. Aliyesaini barua ya hiari anaweza kufika pia, maana sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Lakini sasa mzigo umehamia kwake, na ushahidi mkubwa dhidi yake una saini yake.

Watu husaini kwa nini? Si kwa ujinga. Januari ni mwezi wa ada. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wapo wenye mikopo ya "kausha damu" ambayo riba yake haisubiri kikao cha chama. Na wapo wanaoogopa kwamba wakibisha, mwajiri hatawasemea vizuri atakapopigiwa simu na mwajiri mpya. Hofu hiyo ndiyo inayotumiwa.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Mashauriano yanachukua muda, na mradi uliofungiwa akaunti hauna mshahara wa kulipa wakati watu wakishauriana. Mtoa mada amewahi kuketi na ofisa rasilimali watu aliyegawa barua hizo kwa siku mbili, na siku ya tatu akakuta yake kwenye bahasha. Aliisaini. Alikuwa anaijua sheria kuliko yeyote katika jengo lile.

Uhusiano wa haya na ajira mpya

Huenda mshiriki akauliza haya yanahusianaje na kutafuta kazi. Yanahusiana moja kwa moja. Katika mradi mmoja uliofungwa Kanda ya Ziwa, karani na dereva waliitwa siku moja. Dereva alisaini. Karani aliomba aende nayo nyumbani akaisome, akampigia katibu wa tawi, na hakurudi nayo. Wiki tatu baadaye alipewa barua ya kupunguzwa kazi iliyotaja sababu, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma.

Alipoitwa kwenye usaili wa hospitali binafsi na kuulizwa kilichomwondoa kazini, alitoa barua: mradi umefungwa, mfadhili ameondoka. Maswali yakahamia kwenye takwimu. Dereva aliulizwa swali lile lile na kampuni ya mizigo. Barua yake ilisema aliacha Februari kwa hiari, bila kuwa na kazi nyingine. Meneja akataka kujua kama aligonga gari. Akajieleza kwa kirefu, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka.

Kuna pia suala la pumzi. Anayepokea shilingi 300,000 kila mwezi kwa miezi sita anaweza kulipa nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma, kununua bando, kukataa kazi ya kwanza ya hovyo. Asiye na kitu hupokea chochote, na ofa ya pili ikija mwezi unaofuata haiwezi kumsubiri.

Semina nyingi za aina hii humalizia kwa kujiajiri, na kwa sababu zisizojulikana kujiajiri kwenyewe huwa ni kuku. Kufuga si jambo baya. Ila kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na takriban miezi mitano, na miezi yote hiyo anakula. Kumshauri mtu aliyenyimwa fao la miezi sita awekeze kwenye mradi unaodai chakula cha miezi mitano kabla ya yai la kwanza ni jambo linalohitaji ujasiri.

Umri nao utajwe. Matangazo ya kazi serikalini yanayopitia Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji. Mhasibu wa mradi aliyepunguzwa akiwa na miaka 47 ameshafungiwa mlango huo. Amebakiwa na sekta binafsi, ambako huulizwa kwanza kuhusu mwajiri wake wa mwisho.

Mapendekezo

Mtoa mada anatambua kwamba baadhi ya mapendekezo haya yalitolewa katika vikao vilivyopita. Yanarudiwa kwa kuwa hayajatekelezwa.

Mfanyakazi asisaini chochote siku anayoitwa. Aombe nakala, aondoke nayo, amwonyeshe kiongozi wa tawi au ofisa kazi. Hakuna kifungu kinachomlazimisha kusaini papo hapo, na mwajiri mwenye nia njema hatapungukiwa kwa kungoja siku mbili.

Mfanyakazi ahesabu siku 30 tangu siku ya kuachishwa, si tangu siku fedha zilipochelewa. Wengi hungoja ahadi ya Ijumaa ijayo mpaka muda unapita, kisha wanalazimika kuomba kibali cha kuchelewa, ambacho kina sababu zake na si lazima kipatikane.

Kabla hata ya kuandika wasifu mpya, mtu akusanye barua ya kupunguzwa yenye sababu, cheti cha utumishi, hati za mshahara na taarifa ya michango yake. Taarifa ya michango iangaliwe angali kazini, kila robo mwaka. Aliyegundua siku ya kudai fao kwamba mwajiri alikata bila kupeleka anaanza vita ya pili akiwa amechoka na ya kwanza.

Ajiandikishe mapema kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na awaambie wazi wenzake wa zamani kwamba hana kazi. Wanaume hasa huficha jambo hili hata kwa ndugu, na nafasi zinatangazwa kwa mdomo kabla hazijafika gazetini.

Vyama vya wafanyakazi viweke namba moja ya simu inayopokelewa siku za mshikemshike. Kwenye vikao vya mashauriano vidai iandikwe katika makubaliano kwamba nafasi zikifunguka tena waliopunguzwa wataitwa kwanza, na kwamba mwajiri atatoa barua ya kuwatambulisha. Kuomba barua hiyo baada ya watu kutawanyika ni kazi ngumu zaidi.

Wafadhili na wasimamizi wa miradi watenge fungu la kufungia mradi tangu bajeti ya kwanza, lenye notisi, viinua mgongo na nauli za kurudisha watu walikoajiriwa. Yaliyotokea mwaka 2025 yameonyesha kwamba fungu hilo haliwezi kutafutwa siku akaunti imefungwa.

Mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa heshima zote, ifikirie kuhoji barua za kuacha kazi zinazoletwa kwa wingi kutoka kwa mwajiri mmoja kwa tarehe moja. Serikali itazame upya ukomo wa miaka 45 kwa waliopunguzwa, angalau kwa kada zenye uhaba. Na irudiwe: mfanyakazi asisaini siku anayoitwa.

Pendekezo lililobaki ni la maofisa rasilimali watu peke yao, na halihitaji kibali cha bodi wala bajeti. Kwenye kompyuta za ofisi nyingi lipo faili la barua ya kuacha kazi lililoandaliwa tayari, nafasi ya jina na ya tarehe zikiwa wazi. Anayeacha kazi kwa kupenda huandika barua yake mwenyewe. Faili hilo lifutwe wiki hii.