Likelemba ya Mbuzi: Kufuga Bila Kugombana

    

Leo tunazungumza juu ya mbuzi na kondoo. Labda mtu atauliza: kipindi hiki ni cha amani, mbuzi anatafuta nini ndani yake? Jibu ni fupi. Katika vijiji vyetu, mbuzi anaweza kununua dawa ya mtoto, na mbuzi huyo huyo anaweza kurudisha panga mikononi mwa watu. Yote mawili yanategemea mapatano ambayo watu wamefanya kabla mbuzi hajafika. Hilo ndilo neno letu la leo.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Kati ya Manono, Mitwaba na Pweto kuna eneo ambalo watu waliliita pembe tatu ya kifo, kwa sababu ya vita vilivyowatawanya watu huko mpaka mwaka 2006, na tena katika miaka iliyofuata 2011. Katika Tanganyika, ugomvi wa Watwa na Waluba ulianza kuua watu mwaka 2013, ukawa mkali sana mwaka 2016 na 2017. Kila mara jamaa zilikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mbuzi alibaki. Mbuzi hawezi kukimbia usiku pamoja na watu wanaojificha, maana atalia. Kwa hiyo aliyekimbia alipoteza nyumba yake, na akapoteza pia akiba yake, kwa sababu mtu wa kijijini haweki akiba katika benki. Anaiweka katika miguu minne.

Kwa nini tunasema mbuzi, na si ng'ombe? Bei ya ng'ombe mmoja ni mzigo ambao jamaa iliyotoka kukimbia haiwezi kuubeba. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, na mara nyingi huzaa mapacha. Mama au kijana anaweza kumtunza. Hula majani ya vichaka, wakati kondoo hupenda zaidi nyasi fupi, kwa hiyo wawili hao wanaweza kulishwa mahali pamoja bila kunyang'anyana chakula. Hata kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mvua ni chache kuliko kwetu, ukame unapoua ng'ombe ni mbuzi na ngamia wanaovumilia zaidi. Sisi tuna mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili, lakini baadaye kiangazi ni kirefu, nyasi zinakauka, na moto wa porini unazimaliza. Mfugo unaovumilia unatufaa. Na soko lipo: mji huu wa Lubumbashi unakula michopo kila jioni.

Lakini tusidanganyane. Wapo wanaokuja na hesabu tamu, kwamba mbuzi wawili watakuwa ishirini baada ya muda mfupi. Fanya hesabu pamoja nami. Majike wawili waliotunzwa vizuri wanaweza kuzaa mara mbili au tatu katika miaka miwili. Wengine watazaa mtoto mmoja, wengine wawili. Baadhi watakufa. Ukibaki na watoto wanne au watano walio hai baada ya miaka miwili, umefanya kazi nzuri. Huo si utajiri. Ni daftari za shule, ni gharama ya mama anayejifungua, ni mbegu ya mahindi pasipo kukopa kwa mwenye duka. Umaskini unaondoka hivyo, polepole.

Sasa tuje kwenye hatari. Jamaa imerudi kijijini, au imepokewa katika kijiji kisicho chake. Imepata mbuzi. Siku moja kamba inakatika, mbuzi anaingia katika mahindi ya jirani. Jirani anakuja na panga, anamkata mguu. Mwenye mbuzi anapiga kelele. Kufika jioni hakuna tena anayetaja mbuzi wala mahindi. Wanasema: "ninyi wakimbizi", "ninyi wenyeji", "kabila lenu liko hivyo". Shimo ndogo la shamba limekuwa shimo la kabila.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, ndiye anayejibu kwa hasara aliyoifanya mnyama huyo, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Kwa hiyo usiseme, "Kamba ilikatika, si kosa langu." Mbuzi ni wako, hasara ni yako. Lakini kifungu hicho hakimpi jirani ruhusa ya kumkata mbuzi. Kinampa haki ya kulipwa. Mfuga mbuzi na mwenye shamba, kila mmoja achukue upande wake wa sheria.

Na kwa wale wanaosema kwamba aliyekuja juzi hana haki ya kufuga hapa, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inasema kila mtu aliye katika nchi hii ana haki ya kutembea na kukaa mahali anapotaka, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu. Lakini haki ya kukaa haikupi malisho ya mwingine. Nenda kwa chefu na kwa majirani, uliza ni wapi mifugo inapita na wapi inakunywa maji. Anayeuliza kabla, hasumbuliwi baadaye.

Kwa hiyo tunawaomba wakaaji wa kila kijiji wakae chini kabla ya mbuzi kufika, wenyeji na waliokuja, wanaume na wanawake, wapatane juu ya mambo manne. Yaandikwe katika daftari moja, na lisomwe kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie.

Jambo la kwanza ni majira. Tangu kupanda mpaka kuvuna, mbuzi afungwe kamba au achungwe. Baada ya mavuno ndipo anaweza kuachwa atembee. Tarehe ya kufunga na ya kufungua itangazwe na chefu.

Jambo la pili ni hasara. Shamba likiliwa, watu wawili waende kulitazama siku ile ile, mmoja wa upande wa mwenye shamba, mmoja wa upande wa mwenye mbuzi. Wahesabu mistari iliyoliwa. Malipo yawe mahindi, kwa kipimo cha ndoo, wakati wa mavuno, au kazi ya mikono kwa asiye na mahindi. Na hapa ninawaambia machefu kwa heshima: malipo ya shamba ni ya mwenye shamba. Kama mbuzi wa faini anabaki katika uwanja wa chefu, na mama aliyepoteza mahindi anarudi nyumbani mikono mitupu, hapo hakuna hukumu. Kuna ugomvi wa pili.

Jambo la tatu ni mzunguko. Sisi wote tunajua likelemba: kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Tufanye likelemba ya mbuzi. Anayepokea jike leo, atatoa mtoto jike wa kwanza, akisha kuacha ziwa na kupata nguvu, kumpa jamaa inayofuata. Kule Tanzania wanaita njia hiyo "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Lakini tazameni zamu inavyopangwa. Mkiwapa waliokimbia peke yao, wenyeji waliowapokea na kugawana nao bukari miezi mingi watasema wamesahauliwa. Mkiwapa wenyeji peke yao, waliokimbia watabaki wachunga mbuzi wa watu. Panga zamu ili mwenyeji ampe aliyekuja, na aliyekuja ampe mwenyeji. Hapo kila jamaa itaombea mbuzi wa jirani yake asife, kwa sababu mtoto wa mbuzi huyo ni wake. Mwenye mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa aonyeshe mzoga kwa wasimamizi, naye hatadaiwa. Aliyemuuza au kumla kwa siri atalipa.

Jambo la nne ni urithi. Baba akifa, mara nyingi ndugu zake wanakuja na kamba. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haikubali hivyo. Kwanza itolewe sehemu iliyo mali ya mama mjane mwenyewe. Katika urithi unaobaki, watoto wanapata robo tatu. Robo ya mwisho ndiyo inayogawanywa kwa mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo andikeni katika daftari jina la mume na jina la mke, na alama ya sikio ya kila mbuzi. Kwa mama anayefuga mwenyewe, andikeni jina lake peke yake.

Kuna swali zito ambalo watu wanaorudi wanauliza kwa sauti ndogo. "Niliacha mbuzi sita. Leo ninaona alama yangu katika zizi la jirani. Nifanye nini?" Ndugu, usiende usiku kuwachukua. Peleka neno katika baraza la wazee, lete mashahidi wanaojua alama yako. Nanyi wazee, tofautisheni watu wawili. Yupo aliyeiba. Na yupo aliyewaokota mbuzi walioachwa, akawalisha, akawaficha mbele ya watu wenye silaha, labda kwa kuhatarisha maisha yake. Huyu wa pili anastahili shukrani na sehemu ya watoto waliozaliwa mikononi mwake. Mkiwahukumu wote wawili kama wezi, hakuna atakayetunza mali ya jirani siku nyingine. Mkishindwa kupatanisha, mlango wa mahakama ya amani uko wazi, kwa mwenyeji na kwa aliyerudi.

Sasa neno juu ya ugonjwa, maana ugonjwa hauulizi kabila. Kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo madaktari wa mifugo wanaiita PPR. Mwaka 2012 ilienea katika nchi yetu na kuua mbuzi wengi. Mnyama anapata homa, macho na pua vinatoa uchafu, kinywa kina vidonda, anaharisha, anapumua kwa shida, na wengi wanakufa katika siku chache. Haimshiki mtu. Haina dawa ya kuiponya, lakini ipo chanjo, na chanjo moja inalinda kwa miaka mitatu au zaidi. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa na lile la afya ya wanyama vimeweka shabaha ya kuimaliza duniani kufika mwaka 2030. Lakini nusu ya kijiji ikichanja na nusu ikikataa, ugonjwa unabaki. Siku ya chanjo ni siku ya kijiji kizima. Na mbuzi mgeni, wa soko au wa msaada, akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Kuna misaada iliyoleta mbuzi asubuhi na ugonjwa jioni.

Mwisho, akiba ya kiangazi. Wakati wa kuvuna karanga, usichome majani yake. Yakaushe, yaweke juu ya uchanja pamoja na mashina ya mahindi. Maganda ya mihogo yakaushwe vizuri juani kabla ya kumpa mbuzi, kwa sababu ya mihogo michungu yana sumu yakiwa mabichi. Maji yawepo kila siku. Zizi liinuliwe juu ya miti, chini pawe wazi, ili mavi yaanguke na miguu ibaki mikavu. Mavi hayo ni mbolea: mpe jirani yule ambaye mbuzi wako alikula mahindi yake. Dume abadilishwe na kijiji kingine kabla hajawapanda binti zake. Na yeyote anayechoma pori bila kuzuia moto, ajue kwamba anachoma chakula cha watoto wa watu.

Wapendwa, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini katika likelemba ya mbuzi, wote wawili wanaandikwa katika daftari moja, na wanajuana kwa majina. Wiki hii, kaeni kwa vikundi na mjibu maswali matatu. Katika kijiji chetu, ni nani anayelipwa shamba likiliwa? Jamaa gani itapokea mbuzi wa kwanza, na ya pili itatoka upande gani? Na daftari letu litawekwa kwa nani ambaye pande zote zinamwamini?

Mkikosa jibu la swali la tatu, msilete mbuzi bado. Endeleeni kuzungumza mpaka mtu huyo apatikane.