Kinga ya Mwendesha Baiskeli
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Waliotangulia kusema wamezungumzia maktaba na michango. Mimi nimeomba nizungumzie jambo dogo, yaani nguo zenye kinga ndani yake, zinazomsaidia mwendesha baiskeli asiumie sana anapoanguka. Asubuhi ya leo nimeona baiskeli nyingi zimeegemezwa chini ya mwembe, wala sikuona hata kofia ngumu moja.

Nianze kwa kuungama. Tulipokuwa kidato cha pili, alikuwako mwenzetu aliyekuja shule kwa baiskeli kutoka mbali. Mama yake alimshonea vipande vya blanketi vilivyokunjwa mara nne kwenye viwiko vya shati na magoti ya suruali. Sisi tukamwita "Godoro". Mimi ndiye niliyelitunga jina hilo, nalo likashika. Haukupita muda, akavifumua vile vipande mwenyewe kwa wembe. Muhula uliofuata breki zilikatika kwenye mteremko wa changarawe, akaangukia kiwiko. Kilivunjika, na mkono ule haujanyooka sawasawa mpaka leo. Sisemi kwamba blanketi lingeuokoa mkono wake. Nasema kwamba mama yake alimpa nafasi, nasi tukamnyang'anya.

Sasa tuulize, kinga hufanya kazi gani? Mtu anapoanguka, mwili wake hupata mwendo, na ukifika chini mwendo huo hauna budi kuisha. Ukiisha ghafla, pigo huwa kubwa. Ukipewa nafasi ya kupungua, pigo huwa dogo. Vijana wa fizikia wanaweza kupiga hesabu hii. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha sentimeta 150, hufika chini kwa mwendo wa karibu kilometa 20 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama. Kikisimama ndani ya nusu sentimeta, gawanya 150 kwa nusu, upate 300: kichwa kimesimamishwa kwa kipimo cha mara 300 ya uvutano wa dunia. Kikipewa sentimeta mbili na nusu za kubonyea, jibu ni 60. Tofauti hiyo yote imeletwa na sentimeta mbili tu.

Kwa sababu hiyo sponji laini ya godoro haitoshi. Hubonyea upesi mpaka mwisho, kisha mfupa ukakutana na jiwe kama vile hakuna kitu. Kinga nzuri huwa ngumu kiasi, mfano wa soli ya kandambili, na juu yake huwa na kitambaa kizito au gamba la plastiki. Gamba hilo hulitawanya pigo, tena huusaidia mwili kuteleza badala ya kukwama na kuchubuka. Ziko pia kinga za siku hizi ambazo ni laini zikivaliwa, lakini hukaza mara zinapopigwa. Mkitaka kuelewa jambo hilo, changanyeni wanga wa mahindi na maji kidogo mpaka uwe mzito. Utieni kidole polepole, kitazama. Upigeni kwa ngumi, utakataa.

Kwa kichwa, msijaribu kushona wenyewe. Kofia ya baiskeli ina povu gumu ndani ambalo hupondeka ili fuvu lisipondeke. Likishapondeka mara moja, kazi yake imekwisha, na kofia hiyo itupwe. Kwa hiyo anayenunua ya mitumba na aikague sana, maana ufa haulipiwi fidia. Tena nisiwadanganye: kinga ya kiwiko haizuii mfupa wa bega kuvunjika mtu anapoangukia mkono ulionyooshwa, na glavu huokoa ngozi ya kiganja kuliko mifupa. Kinga hupunguza madhara, haiyafuti. Breki nzima ndiyo kinga ya kwanza.

Huenda kijana mmoja anasema moyoni kwamba mambo haya ni ya watoto na waoga. Ndugu zangu, hata mabingwa walisema hivyo. Katika mwaka 1991 chama cha baiskeli cha dunia kilipotaka kuwalazimisha waendeshaji wa mashindano kuvaa kofia ngumu, waligoma katika mbio za Paris–Nice, na amri ile ikalegezwa. Mwaka 1995 Fabio Casartelli wa Italia, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992, alianguka kwenye mteremko wa milima ya Pyrenees katika Tour de France akafa. Hakuwa na kofia. Mwezi Machi mwaka 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan naye alianguka bila kofia katika mbio zile zile za Paris–Nice akafa. Mwezi Mei mwaka huo kofia ikawa lazima. Leo hakuna anayemcheka bingwa kwa kuivaa. Kichwa ni kile kile na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Tunatia sponji kwenye keria ili abiria asiumie anapokaa, wala hatuoni aibu. Lakini kijana akitia sponji kiwikoni, tunamcheka. Basi ninyi mlio kidato cha tano na cha sita, ambao wadogo wenu huwaangalia ninyi kwanza, nawaomba muwe wa kwanza kuvaa. Na siku mtakapomwona mtoto wa kidato cha kwanza amevaa viraka vya mama yake, mwacheni apite.

Mwenzetu yule yupo nasi leo katika ukumbi huu. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akanikubalia, ila nisilitaje jina lake. Lile jina jingine nililompa mimi, naomba tulizike leo, naye anisamehe.