Mshtuko wa Mwili na Chupa ya Dripu



Katika wodi zetu ndugu wa mgonjwa hawatulii mpaka waione dripu imetundikwa. Bila dripu, kwao mgonjwa bado hajatibiwa. Siwalaumu. Sisi madaktari ndio tuliowazoesha, maana kwa miaka mingi kila mgonjwa wa mshtuko tulimkimbilia na chupa ya maji. Jioni hii nataka kuvitenganisha viwili hivyo.

Mshtuko ninaousema ni hali ya damu kutofika ya kutosha kwenye viungo. Seli zikikosa oksijeni, asidi inajaa kwenye damu, figo zinapunguza mkojo, mgonjwa anaanza kuweweseka, na asipowahiwa viungo vinakufa kimoja baada ya kingine. Ni kama maji ya mjini: pampu ikiharibika, mabomba yakitanuka, njia ikiziba au maji yenyewe yakipungua, nyumba ya mwisho inakauka vilevile. Lakini hakuna fundi anayetengeneza pampu kwa kujaza tangi.

Nianze na damu kupungua. Mtu mzima ana takriban lita 5. Mama aliyejifungua usiku, akavuja lita nzima polepole kwenye khanga alizolalia, anaweza kupimwa presha ikasoma 110 kwa 70. Mwili unaficha hasara: mishipa ya mikono na miguu imejibana ili ubongo na moyo vipate damu, na moyo unakwenda mapigo 120 kwa dakika. Mshike mkono: vidole vya baridi, kiganja kina jasho. Bonyeza ukucha kisha uachie, wekundu unachelewa kurudi. Anayetazama presha peke yake ataandika kwamba mama anaendelea vizuri, na baadaye kidogo presha itaporomoka ghafla. Wanafunzi wangu wameshachoka kunisikia: mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, kimbieni. Huyu anataka damu izibwe na aongezewe nyingine; maji yanamvusha muda mfupi tu.

Mgonjwa wa kipindupindu, naam, ni wa maji. Thomas Latta alilithibitisha hilo kule Leith, Scotland, mwaka 1832, alipowaingizia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa. Tabia yetu ya dripu ilianzia huko, na kwa ugonjwa ule ilikuwa sahihi kabisa.

Sasa mpe maji hayohayo mtu ambaye moyo wake umechoka. Mapafu yatajaa, utamzamisha kitandani. Aliyeumwa na nyuki au kudungwa dawa yenye mzio naye, mishipa ikalegea na koo likavimba, cha kwanza kwake ni adrenalini, sindano ya paja, dakika hiyohiyo. Aliyevunjika shingo anaweza kuwa na presha ya chini huku ngozi yake ni ya joto na mapigo ni ya taratibu, jambo linalowapoteza wengi. Na yule ambaye kifua kikuu kimejaza maji kwenye utando wa moyo, moyo ukakosa nafasi ya kutanuka, anaponywa kwa maji hayo kutolewa kwa sindano.

Kwa mshtuko wa maambukizi, somo kubwa limetoka hapa kwetu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, uliwachukua watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengi walikuwa na malaria. Wenye kuharisha hawakuhusishwa. Baadhi walimiminiwa maji kwa kasi, ya chumvi au ya albumini, kama vitabu vilivyoagiza. Wengine hawakumiminiwa. Kufikia saa 48, waliomiminiwa walikuwa wamefariki asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa chumvi, wasiomiminiwa, 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda, matokeo yakachapishwa 2011. Wengi wetu tulidhani mapafu ndiyo yaliyojaa. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba zaidi ni mzunguko wa damu ulioporomoka. Kwa maoni yangu hakuna utafiti wa kitabibu wa ukanda huu unaostahili kufundishwa kuliko huo, kwa kuwa ulithubutu kupima jambo ambalo kila mtu alikuwa na hakika nalo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nesi akisema mgonjwa wenu hatundikiwi dripu, msimtishie kumshtaki kwa mganga mkuu. Muulizeni mapigo ni mangapi, mkojo umetoka kiasi gani, na mshtuko umesababishwa na nini. Na mwenye afya njema aende akachangie damu, kwa sababu kwa mama niliyemtaja hakuna kiwanda kinachotengeneza mbadala wake.