Mbele ya Kununua Kalkilateri Ingine

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama

Tuliombwa tueleze kwa nini minibasi ya muungano ilisimama wiki tatu, na kwa nini sisi wa kazi ya uwanjani tulikataa kutia sahihi kwenye barua ya kuomba pesa za kalkilateri mpya. Tutaenda polepole, juu haya si mambo ya mafundi peke yao. Gari hii njo inapeleka mama mwenye uchungu hospitali. Zile wiki tatu mama walipandishwa pikipiki, na munajua wenyewe barabara ya Baraka na Uvira inavyokuwa wakati wa mvua.

Katika gari za zamani kila kazi ilikuwa na waya yake. Taa ikikatika, unafuata waya paka mwisho. Gari za sasa ziko na makompyuta madogo ndani, zile garagi zinaita kalkilateri: moja ya injini, moja ya breki, moja ya usukani, moja ya dashibodi, na zingine. Zote zinazungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Mtandao huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983, ikautangaza mwaka 1986. Ni kama baraza: mmoja akisema, wote wanasikia. Wawili wakianza kwa mara moja, mwenye ujumbe wa namba ndogo anaendelea, mwingine ananyamaza na kungoja. (Mikutano yetu ingekuwa hivyo, tungekuwa tunamaliza mapema.)

Waya zikinyamaza, zote mbili ziko karibu na volti 2.5. Zikisema, moja inapanda karibu 3.5, ingine inashuka karibu 1.5. Kalkilateri inatazama tofauti kati yao. Makelele ya umeme yakigonga waya, yanazigonga zote mbili sawasawa, na tofauti inabaki ileile. Ndiyo maana zimesokotwa. Na kila mwisho kuko rezista ya omu 120, ili ujumbe usirudi nyuma kama mwangwi.

Sasa tuje kwa gari letu. Siku za mvua, likiwa linatembea, sindano za dashibodi zilianguka zote, taa za breki zikawaka, usukani ukawa mzito. Dereva akizima, haliwaki tena. Garagi moja ilichomeka skana, ikasoma U0100, ikasema: “Kalkilateri ya injini imekufa.” Wengi walikubali. Lakini U0100 haisemi hivyo. Inasema tu kwamba wengine hawaisikii kalkilateri ya injini. Mtu asiyesikika anaweza kuwa amekufa, anaweza pia kuwa amefungiwa mlango. Na dereva wetu alikuwa ametuambia jambo ambalo hakuna aliyelipima: sindano zilipoanguka, injini iliendelea kunguruma. Kalkilateri iliyokufa haiendeshi injini. Ilikuwa hai, barabara yake njo ilikatika. Usukani ulikuwa mzito juu haukupata tena habari kwamba injini inazunguka, na gari lilikataa kuwaka juu ulinzi wa funguo haukuweza kusemezana na injini.

Kijana wetu mmoja aliyejifunza ufundi kule kambini Nyarugusu alianza na vitu vya bei ndogo. Bateri kwanza: ikipumzika iwe karibu volti 12.6, maana bateri dhaifu inafanya kalkilateri zote zilalamike bila ugonjwa. Kisha fuzi na waya wa masi. Kisha akatoa bateri, akangoja kidogo, akapima omu kwenye plagi ya skana, kati ya tundu 6 na tundu 14. Rezista mbili za 120 zikiwa pamoja zinatoa 60. Ukipata 60, njia iko nzima. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Yeye alipata 60, na wengine walianza kucheka. Lakini hakutoa vipimo. Alimwomba mwenzake atikise mafungu ya waya, moja moja. Walipofika chini ya bateri, namba ikaruka 120, ikarudi 60, ikaruka tena. Walipofungua waliona waya imeguguniwa na panya, shaba imekuwa kijani kwa maji, inashikana tu kukiwa kukavu.

Waliunga kwa risasi, wakafunika vizuri, wakasokota tena waya zile paka karibu kabisa na kiungo. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Kama tungenunua ile kalkilateri ya mitumba, akiba ya mwaka ingeisha, na gari lingebaki vilevile. Tena kalkilateri nyingi za mitumba hazikubali funguo ya gari ingine mbila kuandikwa upya.

Si kila gari inapimika hivi. Zingine ziko na mlango katikati, na plagi ya skana haioni mitandao yote. Kuko pia siku kalkilateri moja mgonjwa inajaza njia makelele. Hapo unachomoa moja moja paka wengine wasikike tena. Ukichomoa ile yenye rezista ndani, utasoma 120, usishtuke.

Wazee wengine walisema tuuze hii, tununue gari ya zamani isiyo na kompyuta. Hawakosei kabisa, lakini gari za namna ile zilizo nzima zimekuwa chache, na bei yake munaisikia.

Kwa hiyo tunaomba kamati ipitishe mambo haya leo. Muungano ununue multimeta na skana yake. Kipande chochote cha umeme kisinunuliwe kabla vipimo havijaandikwa kwenye daftari ya gari, na mweka hazina avione. Anayechomelea chuma kwenye gari atoe bateri kwanza. Radio, king’ora na taa za nyongeza zisiunganishwe kwenye waya zile mbili hata siku moja. Na yule kijana apewe vijana wawili wa kufundisha, mmoja wa Baraka na mmoja wa Uvira, ili gari likisimama njiani pawe na mtu karibu wa kupima. Daftari liko hapa mezani. Ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa.