Kukanda nyayo na joto la ukomo wa hedhi

Msichana wa pwani ya Afrika Mashariki anapovunja ungo, hupewa somo au kungwi wa kumfunza. Hedhi inapokoma, miaka mingi baadaye, aghalabu hakuna wa kumfunza tena. Mwanamke huamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na asubuhi hujiuliza kama ni malaria au ni uzee. Wanaoishi ughaibuni, mbali na mama na shangazi zao, hubaki na swali hilo peke yao. Ndio pia ambao hukutana kwa urahisi na matangazo ya refleksolojia, yaani tiba ya kubonyeza sehemu maalumu za nyayo kwa nia ya kutuliza viungo vya ndani.

Tiba hiyo hunasibishwa na Wachina na Wamisri wa kale, lakini sura yake ya leo ilizaliwa Marekani. Daktari William Fitzgerald, bingwa wa masikio, pua na koo, aliugawa mwili katika kanda 10, na mwaka 1917 akachapisha kitabu juu ya nadharia yake. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham akachora ramani ya nyayo: kidole gumba cha mguu ni kichwa, na pembeni mwa kisigino, chini ya kifundo, ndipo penye mji wa mimba na vifuko vya mayai.

Hapo ndipo penye shaka. Joto la ghafla huja kwa sababu vifuko vya mayai vimepunguza kutengeneza homoni ya estrojeni. Upungufu huo huvuruga sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, nayo huamrisha ngozi itoe jasho kwa ongezeko dogo mno la joto. Kubonyeza kisigino hakurudishi homoni iliyokwisha.

Hata hivyo, mwanamke aliyelala vizuri baada ya kukandwa hatashawishika kwa hoja za anatomia, na ana haki. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 76 wenye umri wa miaka 45 hadi 60. Baadhi walifanyiwa refleksolojia mara tisa. Wengine walikandwa miguu mara hizo hizo, bila kufuata ramani. Wasiwasi na huzuni vilipungua katika makundi yote mawili, na ukali wa joto na jasho la usiku vilevile. Tofauti ya maana baina ya makundi haikuonekana. Kwa maneno mengine, kama kuna kilichosaidia, si ramani. Na kwa kuwa hapakuwa na kundi lililoachwa bila kuguswa, haijulikani ni kiasi gani cha nafuu hiyo kingekuja chenyewe.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, utafiti mkubwa wa Marekani juu ya vidonge vya estrojeni na projestini ulisimamishwa baada ya kuonekana hatari ya saratani ya matiti na kiharusi. Wanawake wengi waliviacha vidonge hivyo kwa hofu. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya njema, asiyefika miaka 60, mara nyingi faida ya homoni huzidi madhara. Zipo pia dawa zisizo na homoni. Mojawapo, fezolinetant, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Haya ni mambo ya kuzungumza na daktari, na anayelipia nyayo zake kila wiki asinyimwe kuyajua.

Kuna ishara ambayo haingoji miadi ya kukandwa. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, ni lazima mwanamke apimwe hospitali, kwani huenda ikawa saratani ya mji wa mimba. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, napo uchunguzi unahitajika, kwa ajili ya mifupa na moyo.

Anayependa kukandwa na akandwe. Mafuta ya nazi na mikono ya binti au dada yatatosha, wala hapahitajiki ramani. Ila mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, au mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, asikandwe kabla ya kuonana na daktari: uvimbe huo huweza kuwa bonge la damu.