Ukomo wa Huduma za Watengenezaji kwa Redio za Upepo za Zamani: Hali ya Watumiaji wa Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

Utangulizi

Redio ya upepo ni chombo kinachotuma na kupokea sauti kwa mawimbi bila kupitia mtandao wa kampuni ya simu, na humwezesha mtu mmoja, kwa kubonyeza kitufe, kusikika papo hapo na wenzake wote walio katika chaneli hiyo. Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako maghorofa yamebanana na mitaa kama Msimbazi, Congo na Mkunguni hufurika watu kutwa nzima, chombo hiki kina kazi ambayo simu ya mkononi haiwezi kuichukua yote, kwa kuwa simu huita mtu mmoja mmoja na mtandao wake huelemewa pale wengi wanapopiga kwa wakati mmoja. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021, na kuporomoka kwa jengo la ghorofa katika eneo hilo tarehe 16 Novemba 2024, ni matukio yanayoonyesha jinsi dakika za mwanzo za maafa zinavyohitaji sauti moja inayowafikia wengi.

Mada hii inajadili kinachotokea pale mtengenezaji anapoacha kuzihudumia redio za zamani ambazo bado ziko mikononi mwa watu. Hoja yake ni kwamba tarehe ya ukomo ni uamuzi wa kibiashara na wala si mwisho wa uhai wa kifaa, na kwamba kinachomwangusha mtumiaji baada ya tarehe hiyo ni kupotea kwa maarifa ya kukiendesha kifaa hicho, zaidi ya kukosekana kwa vipuri.

Maana ya huduma na sababu za kukoma kwake

Huduma ya mtengenezaji ina sehemu nne, nazo ni vipuri, ukarabati, programu za kompyuta za kupangia chaneli, na vitabu vya ufundi vyenye michoro ya sakiti. Kwa kawaida sehemu hizi hazikomi siku moja: kwanza mauzo husitishwa, kisha vipuri huuzwa mpaka akiba iishe, na hatimaye programu na vitabu huondolewa, mara nyingi bila mtumiaji wa mbali kupata taarifa.

Sababu za hatua hizo huanzia mbali na Dar es Salaam. Viwanda vinavyotengeneza transista huacha aina za zamani, na mtengenezaji wa redio hulazimika kuchora upya sakiti nzima au kuuacha muundo huo. Sheria za masoko makubwa nazo husukuma mabadiliko: Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya risasi na kemikali nyingine za sumu katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na Marekani iliwataka watumiaji wengi wa redio za biashara na za usalama wapunguze upana wa chaneli kutoka kilohezi 25 hadi kilohezi 12.5 ifikapo tarehe 1 Januari 2013. Wakati huohuo ulikuja mfumo wa kidijitali uitwao DMR, ambao kiwango chake kilichapishwa Ulaya mwaka 2005 na ambao hupitisha mazungumzo mawili katika chaneli moja ya kilohezi 12.5. Mmiliki wa redio 20 katika ghala la Gerezani hakushirikishwa katika uamuzi wowote kati ya hayo, lakini matokeo yake yanamfikia.

Betri inayopatikana na programu isiyopatikana

Motorola GP300, redio ya mkononi iliyoenea sana duniani katika miaka ya 1990, inatoa mfano mzuri. Betri yake ikichoka, fundi mzoefu hufungua kasha, hutoa seli za volti 1.2 zilizokufa na kuunganisha mpya zenye kipimo hichohicho, kazi ambayo haihitaji idhini wala msaada wa kiwanda. Spika, antena na kitufe cha kuzungumzia navyo huweza kubadilishwa kwa vitu vinavyolingana. Maadamu Kariakoo ina maduka ya vifaa vya elektroniki na mafundi waliozoea kufufua vifaa, uchakavu wa aina hii haumalizi redio.

Hali hubadilika pale chaneli zinapotakiwa kupangwa upya. Redio hiyo hupangwa kwa programu iliyoandikwa kwa kompyuta za mfumo wa DOS, kupitia kisanduku maalumu cha kuunganishia na soketi ya aina ambayo kompyuta nyingi za sasa hazina, na hata soketi ikipatikana, kompyuta yenye kasi kubwa huivuruga programu hiyo katika kuhesabu muda. Mwenye redio nzima kabisa, iliyo na betri mpya, anaweza basi kushindwa kuihamishia kwenye masafa mengine kwa sababu tu diski ya programu ilipotea, fundi aliyeijua amestaafu, na orodha ya chaneli haikuandikwa mahali popote.

Hatari za kuziba pengo kiholela

Mtumiaji aliyekwama hivyo huvutwa na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kununua kifaa kinachoonekana kuwa kipya cha muundo ulioachwa, ambacho kinaweza kuwa bandia. Kampuni ya Icom ya Japani, kwa mfano, imewahi kuwatahadharisha wateja wake kuhusu redio bandia zinazobeba jina lake. Ya pili ni kununua redio ya bei nafuu ambayo mtumiaji yeyote huweza kuiwekea masafa kwa vitufe vyake, hata masafa ya wengine, yakiwemo ya vyombo vya usalama na uokoaji. Nchini Tanzania masafa hutumiwa kwa leseni, na vifaa vya mawasiliano huhitaji kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hivyo mtu aliyeanza na tatizo la ufundi huishia katika kosa la kisheria, na kwa kuwa mawimbi hayana ukuta, madhara ya kosa lake huwafikia watu asiowajua.

Funzo la televisheni

Jiji hili limekwisha kupitia mabadiliko yanayofanana na haya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam, lakini televisheni za zamani hazikutupwa zote, kwa kuwa tarehe ilitangazwa mapema na king'amuzi kiliziwezesha kupokea mawimbi mapya. Redio za upepo nazo zina daraja la namna hiyo: redio nyingi za DMR hufanya kazi pia kwa analojia, hivyo taasisi inaweza kununua mpya chache kila mwaka na kuzichanganya na za zamani katika chaneli ileile, mpaka zote zitakapokuwa zimebadilishwa. Kinachokosekana ni tangazo la mapema na mpango.

Mapendekezo

Kwanza, kila mmiliki ahifadhi sasa, kabla ya ukomo, nakala ya programu aliyoipata kihalali, faili la mpangilio wa chaneli, waya wa kuunganishia, kitabu cha ufundi na kompyuta ya zamani inayofanya kazi, na ajue nani mwingine anaweza kuvitumia. Pili, mkataba wa ununuzi utaje kwa maandishi idadi ya miaka ambayo vipuri na programu vitapatikana. Tatu, TCRA iangalie uwezekano wa kumtaka muuzaji, anapoomba idhini ya kifaa, aeleze muda wa huduma na awatangazie wateja unapokaribia kwisha. Nne, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo haiko mbali na Kariakoo, ziwape mafundi wa mtaani mafunzo mafupi ya kupima masafa na nguvu ya kirushio, kwa kuwa redio iliyokarabatiwa bila kupimwa inaweza kuvuruga chaneli za jirani. Tano, redio zilizokufa zisitupwe dampo, hasa betri za nikeli na kadimiamu, kwa sababu kadimiamu ni sumu. Zikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Hitimisho

Mtengenezaji ana haki ya kuacha kutengeneza muundo wa zamani, na hakuna kiwanda kinachoweza kuhudumia kila kifaa milele. Hata hivyo, haki hiyo haimwondolei mmiliki wajibu wake kwa mlinzi aliyeko zamu usiku, ambaye usalama wake unategemea kusikika, wala haimwondolei msimamizi wa sekta wajibu wa kuhakikisha kuwa mnunuzi anaijua tarehe ya ukomo kabla ya kulipa. Mpango wa siku ambayo huduma itakoma unapaswa kuandikwa siku redio inaponunuliwa, wakati programu, vitabu na watu wenye ujuzi bado wanapatikana.